Majina Arobaini na Moja Pangoni

Neema alinipigia simu Jumatatu saa nne asubuhi, akasema, "Mama ametuacha," halafu akakata kabla sijauliza kitu. Nilikuwa naosha maharagwe. Niliendelea kuyaosha, maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu, maana mikono ilikuwa bado haijasikia. Mama Neema na mimi tulikula pamoja karibu kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini, yeye analeta ndagala, dagaa wa kwetu, mimi nasonga bugali, na sahani ni moja. Vijana wa Kikongo hapa Durban wakituona walisema wale mabibi wawili ni mapacha. Hawakujua. Mwaka wa tisini na nane huyo pacha wangu alisimama mbele ya kanisa zima akasema nimeuza mtoto wake kwa pepo. Na mimi, mwaka uleule, nilimfanyia jambo ambalo amekwenda nalo kaburini bila kulijua. Sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki, na ya mwaka ule yote yamo.

Tulikaa mtaa wa Albert Park, ghorofa ya tano, chumba kimoja kilichokatwa kwa mashuka. Nyuma ya shuka la buluu tulilala mimi na Zawadi, mtoto wangu mdogo. Nyuma ya shuka la maua alilala Mama Neema na Neema wake wa miaka kumi na minne. Karibu na dirisha walikaa Papa Déo na mke wake. Papa Déo alilinda magari ya watu mjini, na kila jioni alituhesabia ni Wazulu wangapi wamemsalimia na Wazungu wangapi wamemtupia sarafu bila kumtazama. Shuka halizuii kitu. Nilijua Mama Neema anasali saa ngapi, nilijua akigeuka, nilijua akimwita Espoir usingizini. Espoir alikuwa mtoto wake wa kiume, wa miaka tisa, aliyepotea barabarani siku tunakimbia vita. Mimi katika kukimbia kulekule nilimpoteza Furaha, mzaliwa wangu wa kwanza, wa miaka kumi na sita. Kila shuka lilikuwa na mtu wake aliyekosekana.

Jumapili tulikutana sebuleni kwa Pasta Élie, jengo la ng'ambo ya barabara, watoto wanawekwa jikoni, wakubwa tunabanana kwenye viti vya plastiki. Pale iko desturi moja iliyotushikilia kuliko mahubiri. Mgeni yeyote aliyefika wiki ile kutoka Kongo ama Burundi alisimamishwa mbele, akaeleza njia aliyopita, Kigoma, Lusaka, Harare, na kambi alizolala. Akimaliza, mimi nilisimama na kumtajia majina ya waliopotea, moja moja, naye anasema "simjui" au "ngoja, huyo nilimwona". Kwa njia hiyo Papa Déo alijua mama yake yuko hai. Watu wengine watauliza kwa nini hatukuandika. Tulitoka mahali tulipoona kazi ya orodha ya majina ikishikwa na mtu mbaya. Hakuna mama aliyekubali jina la mtoto wake liwekwe kwenye karatasi. Kwa hiyo walinipa mimi, majina arobaini na moja, nikayabeba kichwani. Hata hivyo hawakunipa majina matupu. Mama Neema alifanya kazi Jumapili, kwenye kiwanda cha sabuni kule Jacobs, kwa hiyo alinilisha habari za Espoir kijiko kwa kijiko, kama mtu anayelisha mgonjwa: ana kovu la maharagwe ya moto mkononi, hali biringanya, na nyumbani baba yake marehemu alimwita Padri, kwa sababu alikuwa anakamata kuku na kuwabatiza kwenye beseni la vyombo. "Jumapili mimi siko," aliniambia. "Wewe njo kinywa yangu, wewe utanisemea."

Siku za kazi nilimenya vitunguu saumu sokoni Warwick, kwenye meza ya Mhindi aliyeitwa Bwana Ronnie. Huko ndiko dada yake alikonikuta. Anti Saroja alikuwa mjane, mfupi, amevaa raba chini ya sari, na alikuwa na kombi nyeupe ya kutembeza wageni mjini. Siku ile alikuwa na watu kutoka kisiwa cha Reunion, wanasema Kifaransa tu, na mama mmoja akawa anauliza pilipili zile ndogo zinaliwa mbichi ama zinapikwa, na hakuna anayemwelewa. Nilimjibu bila kunyanyua kichwa. Kifaransa cha jikoni nilikipata kwa masista niliowapikia zamani. Anti Saroja akaweka mkoba wake juu ya vitunguu vyangu.

"Mama, hiyo lugha ulikuwa nayo mdomoni siku zote, na umekaa hapa unamenya?"

"Vitunguu havihitaji lugha," nikamwambia kwa Kiingereza changu kilichovunjika.

Bwana Ronnie alicheka mpaka akakohoa. "Mchukue, Saroja. Lakini Ijumaa unirudishie, Ijumaa iko kazi."

Safari yake ilianza mbele ya jumba la jiji, kwenye ngazi pana zenye njiwa, ikapita posta ya zamani, ikaingia Grey Street kwenye vichochoro vya maduka ya vitambaa na msikiti wenye kuba zinazong'aa, ikasimama kwenye makaburi ya zamani katikati ya barabara mbili, halafu ikapanda kilimani. Kila mahali Anti Saroja alisema kwa Kiingereza, mimi nikasema kwa Kifaransa. Mwezi wa kwanza wa kazi nilifuata maneno yake kama mtu anayekanyaga nyayo za mwenzake kwenye matope. Mwezi wa pili nilikuwa najua yote, na wakati mwingine nilimaliza kabla yake. "Eish, mama," alisema, "niachie na mimi kidogo, hii ni kombi yangu." Saa sita tulisimama kando ya barabara tukala roti na dengu kutoka kwenye vyombo vyake vya bati vinavyopandana, na wageni walinitazama nikila kwa mkono kama yeye, wakaona ni ajabu, na sisi wawili tukawaona wao ni ajabu.

Mwisho wa safari lilikuwa hekalu la pangoni. Ukipita kwa gari huwezi kulijua, unaona ukuta wa rangi ya waridi na kamba ya nguo za jirani, na mto mdogo mchafu chini yake. Anti Saroja aliwaeleza wageni kwamba mababu zake waliletwa kwa meli kukata miwa, kila mtu na namba yake ya bati, na siku yao ilikuwa Jumapili tu, na Jumapili hizo walizitumia kuchimba mwamba ule kwa vyuma vya kuvunjia mawe ya reli. Walikuwa watu kumi na mmoja. Majina yao yaliandikwa kwenye ubao mlangoni na mimi niliyashika siku ya kwanza: Muniamma, Veerasamy, Arumugam, Kuppamma, Chinnappa, Latchmi, na wengine, naweza kuwataja wote mpaka leo. Unaacha viatu nje, unainama, unaingia. Nilijua hivyo kwa kutazama tu, maana mimi nilikuwa nimeokoka na sikuingia. Nilisimama kizingitini, nikasema maneno yangu ya kazi, nikaona taa za mafuta, na mwamba unatoa jasho, na mungu wao wa kike amepakwa manjano, amevikwa maua ya rangi ya chungwa na ndimu zilizotungwa kama shanga. Harufu ya kafuri ilinifuata kwenye kombi mpaka nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa tano wa mwaka ule. Mgeni mmoja, Madame Lucienne, aliingia na nazi yake, akamnong'oneza kuhani kitu, na kuhani akaanza kuimba, na katikati ya maneno yake ya Kihindi nikasikia jina la Kifaransa, Marie-Paule. Nikamuuliza Anti Saroja anafanya nini.

"Anataja jina. Unampa jina la mtu wako, naye analitaja mbele ya Mama, mungu wetu."

"Mtu ambaye hayupo hapa?"

"Huyo hasa. Aliyepo atajitaja mwenyewe."

Nilisimama pale na viatu vyangu miguuni, nafikiri nilisimama muda mrefu. Wageni wakatoka, wakaenda kupiga picha mtoni. Mimi nikavua viatu. Nilimpa kuhani, mzee wa tumbo wazi aliyeitwa Bwana Gopal, jina la Furaha. Akaliimba. Tangu tufike Durban jina la mwanangu lilikuwa likitoka kinywani mwangu tu, kila Jumapili, nikiuliza, nikijibiwa simjui, na sasa mtu mwingine alikuwa analisema bila kuuliza kitu. Halafu nikajiona kama mwanamke anayelisha wa kwake peke yake na watoto wa jirani wamesimama mlangoni wanatazama. Nikampa la pili. Nikampa la tatu. Nikampa yote. Espoir akawa Espuwar, nikamsahihisha, akarudia. Bwana Gopal alikauka koo, akanywa maji, akaendelea, na hakunikatiza hata mara moja. Alipomaliza akanipaka majivu kwenye paji la uso, akanipa wali mtamu kwenye jani. Nikaula wote. Nilikuwa na njaa kama mtu aliyelima.

Majivu niliyafuta kwenye kombi. Lakini moyo sikuufuta, nilikuwa na raha, na jioni ile kwenye jiko letu la pamoja, Mama Neema anakoroga sombe, majani ya muhogo, mimi nachambua mchele, nikamwambia kama mtu anayeleta zawadi.

"Mama Neema, leo nimemtaja Espoir hata kwa Wahindi."

"Kwa Wahindi gani?"

"Kule pangoni kwa Anti Saroja. Iko mzee anataja majina ya watu walio mbali. Nimempa yote."

Mwiko ukasimama ndani ya sombe. "Ulipeleka jina ya mtoto yangu ndani ya pango?"

"Yote, Mama Neema. Arobaini na moja. Hata wa kwangu."

"Na kisha ulikula kitu?"

"Wali tu. Wali na sukari."

"Ulikula," alisema, polepole. "Mungu wangu. Alikula."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule tulikotoka kila mtu anajua mtu anayebeba jina la mtoto wa mwenzake na kuliingiza mahali pa giza anaitwaje, na akitoka huko na kula chakula, maana yake malipo yamepokelewa. Mimi pia nilijua. Bibi yangu aliniambia hayo kabla sijaota meno ya pili. Lakini nilikuwa nimezoea pango lile kama mahali pa kazi, kama ngazi za jiji na posta ya zamani, na sikufikiri. Papa Déo kutoka nyuma ya shuka lake akasema, "Sombe inaungua, wamama," na hakuna aliyeigusa.

Jumapili Mama Neema aliomba ruhusa kazini, akaja. Alisimama na kusema niliyoyaeleza pale juu, kwamba nimemuuza Espoir, nimewauza wote. Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningejitetea. Pasta Élie aliniuliza kama ni kweli niliingia, nikasema ndiyo, kama ni kweli nilikula, nikasema ndiyo. Ndipo mama mmoja akaja mbele yangu, akanyoosha mikono miwili kama anapokea sahani, akasema, "Nirudishie jina ya mtoto wangu." Nikasema, "Nimekurudishia." Mkono juu ya Biblia, nikaapa sitalitamka tena ndani ya nyumba ile. Akafuata mwingine. Wakapanga foleni. Mama Neema alipofika hakunyoosha mikono, alinitazama tu mpaka nikasema mwenyewe. Wa mwisho alikuwa Papa Déo na jina la kaka yake Jean-Bosco. "Rudisha na ya kwangu," akasema, halafu akainama sikioni, "lakini usisahau, eh? Mimi nasahau." Watu waliokuwa karibu walicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kiapo. Nilibaki na jina moja, la Furaha, na hakuna ruhusa ya kusimama kulisema. Wiki ileile Mama Neema alihamia ghorofa ya nane. Shuka la maua akaliondoa mwenyewe, na misumari akaing'oa.

Woga mkubwa unafukuza woga mdogo. Sasa walikubali kuandika, na shemasi mmoja, Fidèle, akanunua daftari. Aliandika vizuri: jina la mtoto, jina la baba, kijiji. Aliwasomea wageni kama mtu anayesoma matangazo ya shule. Mimi nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, Zawadi pembeni, nikimsikia akipita kwenye majina yangu haraka haraka, na mimi moyoni namalizia yale aliyoyaacha, kovu, chongo, wimbo anaoupenda, jino lililovunjika. Kazi kwa Anti Saroja niliendelea nayo kwa kiburi. Nilipewa wali mtamu, nilikula. Yeye alipojua yaliyonipata alisikitika, akasema, "Lakini tuliwaombea mema tu, mama." Nikamwambia najua.

Mwezi wa nane, Jumapili ya katikati, akaja Bwana Salvator, Mrundi, muuza chumvi, alikuwa amekaa miezi kadhaa kwenye kambi moja upande wa Kigoma. Mama Neema alikuwa Jacobs kazini. Neema alikuwa jikoni na watoto wadogo, nilisikia sauti yake ukutani akiwaimbisha. Fidèle akafungua daftari. "Espoir, mtoto wa Bisimwa, wa Uvira." Bwana Salvator akatikisa kichwa, "Simjui." Wakaendelea mpaka mwisho, simjui, simjui, na mmoja aliyemjua alikuwa amekufa. Ibada ikaisha, ikaletwa chai na mandazi, na Bwana Salvator alipopata chai akawa mtu mwingine, akaanza kutuchekesha kwa habari za kambini, nani aliiba sufuria ya nani, nani alioa mara mbili kwa kadi moja ya chakula. "Na iko katoto kamoja pale," akasema, "kama miaka kumi, hakana mtu. Tunakaita Padri. Kuku wote wa upande wetu kamebatiza! Pale hakuna kuku mpagani."

Walicheka wote, hata Pasta Élie alishika tumbo. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Lilikuwa neno moja tu. Wala sikuhitaji kulitamka lile jina nililoapia, ningesema tu, muulizeni kama ana kovu. Ningeweza kumwita Neema kutoka jikoni. Nilijiambia ni kiapo, ni Biblia, ni mkono huu. Miaka mingi nimejiambia hivyo. Haikuwa kiapo. Nilikuwa naona mwiko umesimama ndani ya sombe, naona misumari iking'olewa, na nilitaka Mama Neema akae kidogo bila kinywa, wiki moja, wiki mbili, asikie inavyokuwa. Nilikunywa chai yangu. Jumanne Bwana Salvator alipanda basi la Cape Town.

Jumatano nilipanda mpaka ghorofa ya nane, lifti ilikuwa imekufa. Nilibisha.

"Nani?"

"Mimi, Mama Furaha."

Nilisikia mafuta yanachemka, kitu kinageuzwa. "Sema hapo hapo," alisema nyuma ya mlango. "Sifungui."

Nilikuwa nimeyapanga maneno ngazi zote zile. "Nilikuja kukusalimia," nikasema.

"Umesalimia."

Nikashuka.

Siku zile kulikuwa na madereva wa malori waliobeba barua za mkononi mpaka Kigoma, zilifika kwa wiki tatu, nne. Mwezi wa kumi kipindupindu kilipita kwenye kambi ile. Mwezi wa kumi na moja akaja mwanamke aliyetoka huko, na Jumapili ile Mama Neema alikuwepo, na yule mwanamke alipoulizwa nani walizikwa alitaja wengi, na kati yao yule mtoto wa kubatiza kuku. Waliocheka mwezi wa nane walikumbuka, na kwa aibu hakuna aliyemwambia Mama Neema kwamba Bwana Salvator alishamtaja. Sitaandika sauti aliyoitoa Mama Neema. Alilala siku nne. Siku ya tano, asubuhi, kabla Zawadi hajaenda shule, aliingia chumbani kwetu, akafungua shuka langu la buluu bila kubisha, akakaa kitandani.

"Mama Furaha," alisema, "kovu yake iko mkono gani? Nimeamka nimesahau. Minasahau mtoto yangu."

"Wa kushoto," nikamwambia.

"Sema ingine."

Nikamwambia habari za biringanya. Nikamwambia za beseni. Nilimrudishia yote aliyonilisha, kijiko kwa kijiko, mpaka jua likafika kwenye shuka la Papa Déo, naye akishika mkono wangu na kusema, "Njo yeye. Njo yeye kabisa." Urafiki wetu ulianza asubuhi ile. Ulijengwa hapo, na mimi nilijua umejengwa juu ya nini. Mara ngapi alisema mbele yangu, kwenye bugali letu la Jumamosi, kwamba laiti mtu mmoja angepita njia ile mapema akatuambia. Nilimwongezea mchuzi. Furaha wangu hakupatikana. Hakuna aliyemwona, si kwenye kambi, si njiani, na nimeacha kuuliza kwa sauti.

Tulimzika Alhamisi. Jioni kwenye matanga nyumbani kwa Neema, viti vilijaa mpaka uani, na Neema, mwanamke mzima sasa, ana wasichana wawili na saluni yake, alinipa kipaza sauti akasema nani mwingine atawataja watoto wa mama, walio hai na waliotangulia. Nilisimama. Nikamtaja Neema. Nikamtaja Espoir, mtoto wa Bisimwa, nikataja kovu, nikataja kuku, wazee wakatabasamu. Ningeweza kuketi. Nikasema, "Mwezi wa nane mwaka ule nilisikia kwamba mtoto huyu yuko hai, na yuko wapi. Mama yake alikuwa amenikosea. Nilinyamaza." Nikarudia, maana wa nyuma hawakusikia vizuri.

Neema alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, hakukivuta, alikichukua tu, akaanzisha wimbo, na watu wakaupokea kwa sababu wimbo ukianzishwa matangani lazima upokelewe. Chakula kilipotoka aliniletea sahani yeye mwenyewe. Alipiga goti, akainyoosha kwa mikono miwili, kama inavyompasa mkubwa. Tangu alipokuwa msichana, Neema ananiita mama mdogo.

"Karibu chakula, Mama Furaha," alisema, akainuka, akaenda kuhudumia wageni wengine.